Kila mtu na fomu yake

SWALI: Shikamoo mama. Niko Kirumba, Mwanza. Mume wangu kapata kazi ya uuguzi Ujerumani. Mimi na watoto wawili tutaingia kwenye fomu yake ya viza? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, kila mtu na fomu yake, hata huyo wa mgongoni. Ombeni viza ya taifa, ya kukaa zaidi ya siku 90. Ya matembezi haiwafai.

Kabla ya kukata tiketi ya basi kwenda ubalozini Dar es Salaam, tandaza vyeti mezani usome majina herufi kwa herufi. Nasema kwa uchungu: binti yangu alikuwa “Magreth” kwenye cheti cha kuzaliwa, “Margaret” kwenye pasipoti. Nilirudi Mwanza mikono mitupu, na sangara wa kukaanga niliyembebea mwenyeji wangu nilikuwa nimeshamwachia! Kadi ya kliniki haitoshi, wanataka cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili. Cheti cha ndoa pia.

Wewe unaweza kudaiwa cheti cha Kijerumani, ngazi ya A1, yaani ya mwanzo kabisa. Wapo wanaosamehewa kutokana na aina ya kibali cha mume, kwa hiyo mwulize mumeo leo, si wiki ya miadi. Nakala toa huko huko Mwanza.