Usipakue kitu kwanza, kaka

Kaka wa Masasi, umeuliza usakinishe programu gani ili barua pepe za wanunuzi wa korosho zisikupotee. Usisakinishe kwanza. Google Tasks, orodha ya Google ya kazi za kufanya, imo tayari ndani ya Gmail: fungua barua, bonyeza vile vidoti vitatu juu, iongeze kwenye kazi, kisha weka tarehe na saa. Barua inabaki imeunganishwa na hiyo kazi, ukiigusa inafunguka. Mimi hapa Mtwara, msimu wa mnada, ndivyo ninavyofuatilia karatasi za ghala.

Programu ya nje ikikuomba ruhusa ya kusoma barua zako zote, tafadhali fikiri mara mbili, humo mna akaunti za wakulima. Programu ulizokwisha kuziruhusu, ziondolee ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti yako ya Google.