Barua kwa mwanangu: jina la baba yako mkubwa

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima redio kabisa. Huku hatujambo. Mvua zimeanza, senene nao wameanza kuanguka, na mdogo wako halali usiku kwa kuwavizia kwenye taa.

Umesema pale maktaba karibu na hospitali unakofanya kazi, kina mama wa Kiingereza hukutana kudarizi maua mekundu ya Novemba, yale ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na safari hii kila mmoja ameombwa alete kipande cha kumkumbuka askari wa ukoo wake. Unauliza kama ni haki kumweka baba yako mkubwa, aliyekufa Vita vya Kagera, katikati ya maua ya Wazungu. Na kama ni haki, umdarizi nini.

La kwanza ni fupi. Ni haki. Yale maua si ya kanisa wala ya mfalme, ni magugu. Yaliota kwenye udongo uliofukuliwa na mizinga ya vita ya kwanza ya dunia huko Ubelgiji na Ufaransa, juu ya makaburi ya watoto wao, ndiyo maana wakayashika. Baba yako mkubwa amelala makaburi ya askari ya Kaboya, hapa Muleba, pamoja na wenzake zaidi ya 600, na pale halijawahi kuota ua la namna hiyo. Kwa hiyo kaa nao, kunywa chai yao, shona nao, ila ua hilo usimwekee yeye.

La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Nikwambie kitu ambacho baba yako hakisemi. Kaka yake alikuwa mgambo. Novemba 1978 Idi Amin wa Uganda alipotangaza kuwa nchi yote mpaka mto Kagera ni yake, na daraja la Kyaka likalipuliwa, mgambo wengi waliingizwa jeshini, naye akiwamo. Mimi nilikuwa bado mke mgeni hapa nyumbani, nimetoka chuo cha ualimu na kikapu changu cha sayansi kimu: fremu, mkasi, nyuzi za rangi. Bibi yako akaazima sindano kwangu. Alikuwa amejifunza kusoma miaka ile ile, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima, na hakutaka nimsaidie. Alidarizi foronya mbili, kila moja imeandikwa SAFARI NJEMA kwa uzi mwekundu. Herufi J ameigeuza, mkia unatazama kulia. Katika zote mbili.

Mwanawe akaondoka na moja, nyingine ikabaki kitandani kwake. Alikufa Machi 1979 upande wa Lukaya, huko Uganda, mwezi mmoja kabla ya Kampala kuanguka. Vitu vyake viliporudi, foronya haikuwemo.

Ile iliyobaki bibi yako aliitumia. Wewe umeiona, ulikuwa ukilalia ukija likizo, hukujua. Kitambaa kilipochakaa alikata kile kipande chenye maandishi, akakishonea kwenye foronya mpya. Ikachakaa nayo, akakata tena. Mara tatu ninazozijua mimi. Siku moja, kwa ujinga wa ualimu, nikamwambia, "Mama, nikunyooshee hiyo J, ni dakika mbili tu." Akanitazama. Akasema, "Hiyo ndiyo aliyoondoka nayo."

Sikuligusa tena jambo hilo.

Umenichekesha uliposema umeshangaa kumkuta mzee mwanamume kwenye kikundi, anashika sindano vizuri kuliko wanawake. Hilo kwao ni la zamani. Nenda London siku ya mapumziko, ingia Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, uulizie kitambaa cha altare kilichodariziwa na askari majeruhi wa vita ya kwanza ya dunia. Walikuwa 138, wametoka Uingereza, Kanada, Australia na Afrika Kusini. Walishona vipande wakiwa hospitalini, vipande vikaunganishwa, na mwaka 1919 kitambaa kikatandikwa kwenye ibada ya shukrani. Bomu lilipoipiga altare mwaka 1940, kikawekwa mbali na macho ya watu zaidi ya miaka 70, hadi kilipotolewa tena 2014. Nadhani wewe muuguzi utaelewa haraka kuliko mimi kwa nini walipewa sindano. Mtu ambaye mizinga imemwachia mikono inayotetemeka, mpe kazi inayotaka tundu moja baada ya jingine.

Na yupo msanii mmoja wa Somerset, Rob Heard, nimeonyeshwa picha za kazi yake kwenye simu. Alipata ajali ya gari mwaka 2013 ikamuumiza mikono. Alipokuwa anapona akaanza kushona sanda kwa mkono, sanda ndogo za kuvika vidoli vya kama sentimita 30, kidoli kimoja kwa askari mmoja. Mwaka 2016 akavilaza uwanjani Exeter, 19,240, kwa hesabu ya Waingereza waliokufa siku moja tu, tarehe 1 Julai 1916, kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa. Hakuishia hapo. Mwaka 2018 akalaza London sanda 72,396, za wale waliokufa Somme wasijulikane walipolala. Alikuwa na orodha ya majina, akimaliza mmoja analikata jina lake.

Mimi niliposhona sanda ya bibi yako, moja tu, ilinibidi nitoke nje mara mbili. Huyo mtu sijui alifanywa na nini.

Wamarekani nao wana yao, tangu 1917. Mama anatundika bendera dirishani yenye nyota ya buluu kwa kila mtoto aliye vitani. Mtoto akifa, nyota ya dhahabu inashonwa juu ya ile ya buluu, ndogo kidogo, ili buluu iendelee kuonekana pembezoni. Haikufutwa, imefunikwa tu. Nilipoisoma hiyo nikamkumbuka bibi yako na vipande vyake.

Sisi kitaifa tuna namna yetu. Tarehe 25 Julai viongozi huweka mkuki na ngao, huweka sime, huweka shada la maua, tarumbeta inalia. Ni heshima kubwa, nami huitazama kila mwaka. Lakini sindano haimo, na sidhani bibi yako aliwahi kulitumia neno shujaa kwa mwanawe. Alikuwa akimwita kwa jina, kama mtu aliyechelewa shambani. Kwa hiyo usidarizi SHUJAA. Wala bunduki, wala bendera. Darizi SAFARI NJEMA, chini yake jina lake, na mwaka 1979.

J uigeuze.

Wakikuambia umekosea, na watakuambia, maana Waingereza wana adabu lakini kwenye kudarizi wana macho, waeleze au nyamaza. Vyote sawa.

Sasa kazi yenyewe, kwani nimesikia unatumia mshono wa msalaba na hukuwahi kunisikiliza darasani. Kunja kitambaa mara nne upate katikati, uanzie hapo, usianzie pembeni. Hesabu kwanza kwenye karatasi ya hesabu, ile ya vyumba vyumba: herufi moja ipe mishono saba kwenda juu na mitano upana, na chumba kimoja kitupu kati ya herufi na herufi, SAFARI peke yake itakula vyumba 35. Kitambaa chako kama kina mishono 14 kwa inchi, hiyo ni inchi mbili na nusu. Uzi una nyuzi sita ndani yake, tenganisha utumie mbili. Usifunge fundo nyuma, ulaze mkia wa uzi chini ya mishono ya kwanza. Na miguu ya juu ya misalaba yote ilale upande mmoja. Yote. Ukigeuza mmoja, mwanga utausema.

Kuna jambo jingine, ulikubali au uliache. Wewe ulipokuwa Dar ulipita mara ngapi pale kwenye sanamu ya Askari? Imesimama pale tangu 1927. Maneno yake yanawakumbuka pia wapagazi, yanawaita miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwambia aliyekufa kuwa wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu yote, hutakuta jina hata moja. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa huku Afrika Mashariki katika vita ya kwanza ya dunia ni zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi, na Kariakoo tunakonunua vitunguu imebaki na jina la kikosi chao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi.

Mmoja wao ni wa kwetu. Ndugu wa babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Nyumbani walimwita "yule wa mizigo", na waliolijua jina lake wote wamekufa. Nimejaribu kumuuliza shangazi yangu wa Kamachumu, ana miaka tisini na kitu, akanitajia majina matatu, kila siku jingine.

Basi chini ya jina la baba yako mkubwa acha mstari mmoja. Uzungushie mshono wa nyuma kwa uzi wa kahawia, kama kisanduku, ndani usijaze kitu. Vyumba saba kwenda juu, urefu utakavyoona mwenyewe. Wenzako wakiuliza humo kuna nani, wewe unajua.

Nimempa mtoto wa jirani anayekuja huko picha ya ile foronya, nimepiga J kwa karibu ili upate umbo lake. Na vibunda viwili vya uzi mwekundu wa Bukoba mjini, maana wa huko umesema ni ghali. Huu unatoa rangi, mwanangu. Uloweke kwenye maji baridi kwanza, ubadilishe maji mpaka yawe meupe, ndipo uutumie, la sivyo utaniharibia kitambaa chote siku ya kwanza ya kukifua.

Mama yako