Uliza Ujibiwe: Msimu wa dojiboli

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani na Uingereza waliojiunga na ligi za dojiboli za mitaani au za kazini. Kwa asiyeujua mchezo: timu mbili zinatenganishwa na mstari wa kati, kwa kawaida watu 6 kila upande, na mipira kadhaa inarushwa kwa wakati mmoja. Ukipigwa na mpira kabla haujagusa chini, unatoka. Ukiudaka, aliyerusha ndiye anayetoka, na katika ligi nyingi mwenzako mmoja aliyetolewa anarudi uwanjani. Aliyekua akicheza rede Dar, nage Unguja au kati Nairobi hatakuwa mgeni kabisa, ingawa kuna mambo ya kusahau pia.

*Tunafanya kazi ghalani na tumeunda timu ya watu 7. Ligi inataka dola 540 kwa timu, wiki 8. Tunatosha? – Msomaji, Columbus, Ohio*

Hamtoshi. Uwanjani wanaingia 6, kwa hiyo mna mtu mmoja tu wa akiba, na kazi yenu ni ya zamu. Siku wawili wakipangiwa usiku mtaanza pungufu. Andikisheni 9 au 10. Mkiwa 9 kila mmoja analipa dola 60, mkiwa 10 ni dola 54. Wakizidi hapo benchi linajaa, na watu waliolipa sawa na wengine wanaanza kununa.

Pesa ikusanywe yote kabla nahodha hajalipia timu. Nahodha anayetanguliza hela yake mfukoni kwa ahadi za wenzake huishia kuwadai hadi mtoano. Na kama ligi ni ya mchanganyiko yenye sharti la wanawake 2 uwanjani muda wote, hakikisheni mna wanawake 4 kwenye orodha. Timu nyingi hupoteza pointi za mezani hapa hapa, si kwa kushindwa mchezo.

Kabla ya kusaini, mwulizeni mwandaaji: tunatumia mipira ya aina gani? Kudaka kunamrudisha mwenzetu au hakumrudishi? Mpira wa kichwani unahesabiwaje? Kuna refa, au kila mtu anajitoa mwenyewe? Na chini ya watu wangapi tunahesabiwa tumeshindwa? Sheria za ligi hizi hazifanani hata kwa ligi mbili za mji mmoja, na majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua mfanye mazoezi ya namna gani.

*Nilicheza rede utotoni na ninakwepa vizuri sana. Karibu kila mchezo nabaki peke yangu, wenzangu wote wako nje, halafu tunafungwa. Nakosea wapi? – Dada wa Minneapolis*

Dada, hukosei kukwepa. Unachokosa ni kudaka, na msimu wa ligi ndogo kama hizi unaamuliwa na kudaka kuliko kitu kingine chochote. Hebu hesabu: mko 1 dhidi ya 4. Ukikwepa, bado ni 1 dhidi ya 4. Ukidaka, kama sheria yenu inarudisha mtu, mmekuwa 2 dhidi ya 3. Mpira mmoja umefuta pengo la watu wawili.

Mazoea ya rede yanakuvuta kwenye makosa mawili. La kwanza ni kugeuka. Kwenye rede warushaji wako pande mbili, kwa hiyo mwili umezoea kuzunguka. Hapa hatari yote iko mbele yako. Ukigeuza mgongo huoni mpira wa pili, na huo ndio unaokupiga. Rudi nyuma kinyumenyume, usigeuke. La pili ni kuruka. Ukiwa hewani huwezi kubadili njia, na warushaji wazoefu hukuzuga kwanza: mkono unaenda mbele, mpira haujaachiwa, wewe umesharuka, na ukitua ndipo wanapokupiga miguuni. Usiangalie uso wa mrushaji. Angalia mpira wenyewe mkononi mwake na nyonga yake. Nyonga isipozunguka, mara nyingi anazuga tu.

Sasa namna ya kusimama. Miguu ipanuke kidogo kuliko mabega, magoti yakunjwe, uzito uwe mbele ya nyayo. Mikono ikae mbele ya tumbo, viwiko karibu na mbavu, viganja vikitazama juu. Mpira ukija, usiufuate kwa mikono iliyonyooka. Uache ufike tumboni, mikono iukumbatie kutoka chini, na kiwiliwili kiinamie juu yake huku ukirudisha mguu mmoja nyuma. Wengi hudondosha kwa sababu mwili umekakamaa: mpira unagonga kifua na kuruka kabla mikono haijafunga.

Si kila mpira ni wa kudaka. Mrushaji akiwa amefika mstari wa kati na wewe uko mita tatu mbele yake, kwepa au zuia. Mpira unaotoka mbali, au unaokuja na mzingo kidogo kwa sababu mrushaji amechoka, huo ni wako. Simama karibu na nyuma lakini acha hatua moja kati yako na mstari wa mwisho, maana ukikanyaga nje umetoka mwenyewe.

Ukibaki peke yako, shika mpira mmoja wa kujikinga kwa mikono yote miwili, vidole gumba vikiwa nyuma ya mpira. Ukiushika ubavuni, mpira unaorushwa kwa nguvu utaung'oa, na ligi nyingi zinasema ukidondosha mpira wa kujikinga umetoka.

Zoezi lake ni dakika 10 tu. Simameni wawili wawili, umbali wa mita 6, mrushiane 20 kila mmoja: kumi za taratibu, kumi za nguvu. Kisha warushaji wawe wawili, wa pili aachie mpira mara tu wa kwanza unapofika. Mdakaji anajifunza kufunga mpira wa kwanza na papo hapo kuinua macho.

*Tunacheza kwa mipira ya kitambaa. Kila raundi ikianza wapinzani wanatuwahi mipira na tunabaki tunakimbizwa. Tufanye nini? – Nahodha, Leicester*

Mchezo wa kitambaa unaotumika sana Uingereza na Ulaya una mipira 5 kwenye mstari wa kati, yenye kipenyo cha karibu sentimita 18. Timu zinaanzia mstari wa mwisho na kukimbilia filimbi ikilia. Kosa la timu changa ni kutuma watu wote 6 mbele. Mipira ni 5, mikono ni 12, na wote wanajikuta wamesongamana katikati bila mdakaji hata mmoja nyuma.

Tumeni watatu. Wawili wa pembeni wachukue mipira iliyo upande wenu, na mwenye kasi kuliko wote agombee ule wa katikati. Watatu wabaki nyuma, mikono tayari kudaka. Mkimbiaji akichukua mpira asijaribu kurusha hapo hapo. Sheria inataka mpira wa mwanzo urudishwe kwanza nyuma ya mstari uliowekwa, ndipo uwe hai. Kwa hiyo ampasie mwenzake aliye nyuma, halafu yeye arudi kinyumenyume huku amewatazama wapinzani. Wengi hupigwa wakati wa kurudi, mgongo ukiwa wazi.

Ukiona mpinzani ameuwahi mpira wa katikati kwa hatua mbili, uache. Mkiwa na 2 na wao 3 hamjafungwa. Tena katika ligi nyingi wenye mipira mingi ndio wanaolazimishwa kushambulia kabla refa hajamaliza kuhesabu, kwa hiyo jipangeni kudaka.

*Kuna timu inamtegemea mtu mmoja. Anadaka kila kitu. Tunamtoaje? – Msomaji, Louisville, Kentucky*

Msimrushie mmoja mmoja. Mtu mmoja anadaka mpira mmoja. Ikija miwili au mitatu kwa pamoja, macho yake yanaufuata mmoja na mingine inamkuta. Lakini "kwa pamoja" lazima iwe kweli. Mpira wa pili ukichelewa kidogo tu, ameshaudaka wa kwanza na anautumia kujikinga na wa pili.

Chagueni mtu mmoja wa kuhesabu. Atoe ishara isiyosikika kwa wapinzani: agonge mpira kwa kiganja mara mbili, na kwenye pigo la tatu wote mrushe. Mmoja alenge nyonga ya upande wa mkono wake dhaifu, mwingine magoti. Kati ya goti na nyonga ndipo pagumu kudaka, kwa sababu mikono haiwezi kukumbatia kutoka chini. Mpira wa kifuani mnampa zawadi, na wa kichwani katika ligi nyingi hauhesabiwi au unamtoa aliyerusha.

Wakati mzuri zaidi ni mara tu anapomaliza kurusha yeye. Uzito wake uko mbele, mguu mmoja umeingia karibu na mstari, mikono mitupu. Wekeni mtu mmoja mwenye mpira ambaye kazi yake ni kumngojea huyo tu, asishawishike na mwingine. Na mbaki na mpira mmoja wa akiba kila mnaposhambulia. Timu inayorusha yote kwa mkupuo mmoja inasimama mikono mitupu mbele ya watu wenye mipira 6.

Angalieni pia saa. Kanuni za chama cha dojiboli ya ridhaa cha Marekani, ambazo ligi nyingi za huko zimezikopa, haziruhusu timu inayoongoza kukaa na mipira yote 6 kwa zaidi ya sekunde 5.

*Bega linaniuma tangu wiki ya tatu. Nipumzike au nizoee tu? – Msomaji, Dallas*

Usizoee. Dojiboli ina mirusho mingi ya nguvu kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi inatupwa na watu waliokaa ofisini au kwenye gari siku nzima. Bega linaumia kwa sababu mrushaji anatumia mkono peke yake. Nguvu ianzie mguuni: mguu ulio kinyume na mkono wa kurushia utangulie, nyonga izunguke, bega lifuate, mkono uje mwisho. Na baada ya kuachia, mkono uendelee kushuka hadi upande wa pili wa mwili. Ukiukatisha njiani, misuli ya nyuma ya bega ndiyo inayobeba breki.

Ukubwa wa mpira nao una mchango. Mpira wa raba wa inchi 8.5, yaani karibu sentimita 21.5, haushikiki kwa kiganja kidogo, na mtu huukandamiza kwa nguvu mpaka mkono mzima unakaza. Uegemeze kwenye kifundo cha mkono na urushe kwa ubavu, chini ya usawa wa bega.

Kabla ya mechi zungusha mikono, kisha rusha mara 15 hivi ukianzia taratibu, umbali ukiongezeka. Wengi hufika ukumbini dakika mbili kabla na mrusho wao wa kwanza ni wa nguvu zote. Kwa sasa acha kurusha wiki mbili. Unaweza kuendelea kukwepa na kudaka kama hakuumi. Ukishindwa kuinua mkono juu ya kichwa, au maumivu yakikuamsha usiku, nenda hospitali bila kusubiri.

Tuongeze viatu, maana vifundo vya miguu vinaumia pia. Viatu vya kukimbilia barabarani vina soli nene, na ukikata kona ghafla mguu unapinduka. Tafuta raba za kuchezea ndani, soli bapa isiyoacha alama sakafuni.

*Mpira ulinigonga begani, ukaruka juu, mwenzangu akaudaka. Wapinzani wanasema nimetoka. – Msomaji, Des Moines, Iowa*

Katika baadhi ya ligi hujatoka, kwa sababu mpira haukugusa chini, na aliyerusha ndiye anayetoka. Lakini kama uligonga ukuta, dari au refa kabla ya kudakwa, umekufa na hauokoi mtu, na wewe umetoka. Hili liko kwenye karatasi ya sheria yenu, na nahodha awe nayo mfukoni, si kwenye simu iliyo ndani ya begi.

Kwenye ligi zisizo na refa, ukihisi umeguswa hata kwenye kitambaa cha fulana, inua mkono utoke mara moja. Timu inayobishania kila mpira haipewi faida ya shaka na mtu yeyote wiki zinazofuata, na wachezaji wapya waliokuja kufurahi ndio wa kwanza kuondoka.

*Tumefungwa mechi 5 mfululizo na watu wameanza kutokuja. Zimebaki 3. Tuendelee? – Nahodha, Phoenix*

Endeleeni, na kwanza mwulizeni mwandaaji mtoano unapangwaje. Ligi nyingi za burudani huingiza timu zote au huzigawa kwa viwango, kwa hiyo walio mkiani hukutana na wa mkiani wenzao. Hizo mechi 3 ni za kujiandaa.

Usiulize kwenye kundi la WhatsApp "nani anakuja?" Watu watanyamaza. Mwandikie kila mmoja peke yake siku mbili kabla, akujibu ndiyo au hapana, na uwe na majina mawili ya kuazima endapo ligi inaruhusu. Wale wanaotoka mapema kila raundi wape kazi ya pembeni: mmoja ahesabu mipira iliyo upande wa wapinzani na kuitaja kwa sauti, mwingine akumbuke zamu ya kurudi uwanjani, maana kwa kawaida anarudi aliyetoka wa kwanza. Foleni ikivurugika, mnadaka na hakuna anayeingia.

Na fanyeni zoezi la raundi ya dakika 5. Katika ligi nyingi muda ukiisha, wenye watu wengi uwanjani ndio washindi, kwa hiyo mkiwa 3 dhidi ya 2 na zimebaki sekunde 30, mtu asirushe mpira wa kudakika. Mtu wa benchi ashike saa na kuitaja kila sekunde 10.