Maswali na Majibu: Klabu ni Kazi, Fulana Baadaye

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wa sekondari, na karibu zote zinahusu klabu na maisha ya shuleni nje ya darasa. Nimechagua chache. Wale wanaouliza ni klabu gani "inaonekana vizuri" nimewajibu wote kwa pamoja, na sitarudia.

Shikamoo Mwalimu. Tuko kidato cha pili, tunaanzisha klabu ya mazingira. Tumeshachagua mwenyekiti, makamu wawili, katibu, naibu katibu, mweka hazina, msemaji na mratibu wa safari. Nembo ipo na fulana tumeagiza. Kimebaki nini?

Marahaba, wanangu. Imebaki kazi, na ndiyo mngeanza nayo. Mmenitajia viongozi wanane, hamkunitajia hata mti mmoja.

Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikwenda nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, Dar es Salaam, wakakaa barazani kumweleza yaliyokuwa yakiwakera katika mazingira yao. Hapo ndipo ilipozaliwa Roots & Shoots, programu ya vijana ya mazingira, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi. Walianza na kero. Skauti nao hivyo hivyo: Agosti 1907 mwanzilishi wao, Baden-Powell, alipiga kambi na vijana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, ajaribu kwa vitendo aliyokuwa akiyafikiria. Kitabu chake cha skauti kilitoka 1908, na ofisi na vyeo vikafuata.

Basi zungukeni shule yenu mchague kero moja tu: bomba linalovuja, taka nyuma ya maabara, mmomonyoko kando ya uwanja. Wekeni siku moja ya wiki, saa ile ile, isihamishwe. Mwezi wa kwanza pokezaneni kuongoza. Ukiisha, mwenyekiti mtakuwa mmeshamjua: ni yule aliyekuja hata siku ya manyunyu, akahesabu mafagio na kuyarudisha stoo wengine walipokwisha kuondoka. Fulana zisubiri. Mratibu wa safari mwondoeni kabisa. Nimeona klabu zikifa wiki ile ile safari ilipoahirishwa, kwa kuwa wanachama walijiunga kwa ajili ya basi.

Je, nikiwa mwanachama wa klabu nyingi nitapata nafasi chuoni kwa urahisi?

Nalipata swali hili kila mara. Jiunge na klabu moja, au mbili ukiweza, ufanye jambo unaloweza kulieleza kwa dakika tano bila kubabaika. Orodha ya klabu sita ulizohudhuria siku ya kupigwa picha haina uzito, na anayekuhoji hahitaji maswali mengi kuligundua hilo.

Mwalimu, napenda mdahalo lakini nikisimama sauti inakwisha. Nijiondoe?

Usijiondoe. Omba kazi ndogo kuliko hotuba. Katika mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, kila upande una wazungumzaji watatu, kila mmoja dakika 8, kisha hotuba ya majumuisho ya dakika 4. Katika zile dakika 8, baada ya ya kwanza na kabla ya ya mwisho, upande wa pili unaruhusiwa kusimama na kuomba kutoa hoja fupi. Anza na hizo. Andika hoja moja kwenye karatasi, sentensi mbili tu. Simama, subiri ukubaliwe, isome ukimtazama mzungumzaji, kaa. Ukikataliwa, kaa hivyo hivyo; kusimama penyewe kumeshakuzoesha. Ukifanya hivyo wiki baada ya wiki, miguu itazoea kabla ya sauti, na sauti itafuata.

Na ninyi walezi wa midahalo, niwaambie jambo ambalo huyu mtoto hakuliuliza. Mnawapanga wale wale watatu tangu wanaingia shule hadi wanahitimu kwa sababu wanaleta kombe. Wakihitimu, klabu inabaki na watu waliofundishwa kupiga makofi. Kila mdahalo wa ndani mpangeni angalau mmoja ambaye hajawahi kuzungumza.

Mimi ni mweka hazina. Mwenyekiti alichukua pesa za klabu, akasema amezikopa. Ni rafiki yangu. Nifanyeje?

Mwandikie leo, kwa upole, umtajie kiasi na siku ya mwisho ya kurudisha. Siku ikipita, mpelekee mlezi habari hizo pamoja na daftari. Kama hukuandika siku pesa zilipotoka, ziandike sasa, na useme kweli kwamba umeandika kwa kuchelewa.

Pesa za wanachama hazikopeshwi mtu, awe mwenyekiti, awe mwalimu. Namtaja mwalimu makusudi, kwa maana barua za aina hiyo ninazo pia, na wanafunzi wanaoziandika wanaogopa. Dawa ni utaratibu uliowekwa kabla hakujatokea tatizo: daftari lenye tarehe, kilichoingia, kilichotoka, salio na sahihi mbili, risiti zibandikwe ukurasa ule ule, na salio lisomwe kwa sauti mwanzoni mwa kila mkutano, hata kama ni sifuri. Salio likisomwa kila wiki, mwenye kukopa kimya kimya hapati pa kujificha, na wewe hulazimiki kuchagua kati ya urafiki na daftari.

Kwetu wanachama wapya "hukaribishwa" usiku bwenini. Hupigwa kidogo na kumwagiwa maji. Wakubwa wanasema nao walipitia. Kuna ubaya?

Upo, na mkubwa. Hiyo ni mateso, na mahali pengi ni kosa la jinai; majimbo mengi ya Marekani yana sheria mahususi dhidi yake, kwa sababu vijana wamekufa katika "kukaribishwa" kama huko. Kwamba wakubwa walipitia ni sababu ya wao kuwa wa kwanza kuikomesha. Mwambie mtu mzima unayemwamini kabla ya usiku mwingine kama huo, na asiposikia mwambie wa pili. Mwalimu wa zamu anayejua na kunyamaza ana hatia sawa na mpigaji.

Nimehamia shule mpya. Wakati wa mapumziko nakaa peke yangu maktaba, najifanya nasoma.

Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya zote.

Usitafute kundi la kupiga nalo soga. Makundi hayo yalishafunga milango kabla hujafika, na kugonga kunachosha. Tafuta mahali penye kazi ya mikono: jukwaa la drama, kwaya, bustani, ubao wa sataranji, gazeti la ukutani. Pale watu husemeshana kwa sababu ya kazi, na urafiki huja wenyewe bila kuombwa. Namkumbuka msichana aliyekuwa hasemi na mtu. Klabu ya drama ikampa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na kitabu, kuwakumbusha waigizaji maneno. Aliwanong'oneza mstari baada ya mstari, na mazoezi yakiisha walimfuata kumuuliza walikosea wapi. Haukupita muhula akawa hakai peke yake.

Nenda wiki hii ukaulize, "Mna kazi gani ambayo hakuna anayeitaka?" Na kama upweke umekuwa mzito kiasi cha kukunyima usingizi au hamu ya kula, usisubiri klabu, mwone mshauri wa shule na uwaambie wazazi.

Mwanangu yuko klabu ya drama na alama za hisabati zimeshuka. Nimtoe?

Kwanza angalia analala saa ngapi. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na kinachozila mara nyingi ni simu chini ya shuka. Simu ilale sebuleni muhula mmoja, kisha utazame alama tena. Ukimtoa mazoezini na kumwachia simu, hisabati haitapanda.

Mikutano yetu sasa tunafanyia WhatsApp. Inatosha?

Haitoshi. Tumieni kundi hilo kutangaza saa na mahali. Uamuzi ufanyike ana kwa ana, kwa kuwa huko si wote wanaosoma hujibu, wachache hutuma vichekesho, na asiye na simu hana kura.

Mwenyekiti mmoja anaweza kukaa miaka yote?

Hapana. Mwaka mmoja, amkabidhi mwingine daftari mbele ya wanachama.

Mwalimu, mimi ni katibu. Kama mkutano haukuamua kitu, niandike kumbukumbu?

Andika. Tarehe, waliokuja, waliotoa udhuru, kilichozungumzwa, na nani ameahidi kufanya nini kabla ya mkutano ujao. Kama hakuna aliyeahidi chochote, andika hivyo pia, na uzisome kumbukumbu hizo mkutano ujao kabla ya ajenda.