Miche 80 si sampuli 80: usipande bado

Simamisha kazi hiyo. Umeeleza kwamba una vyumba viwili vya kuoteshea, kimoja utakiweka kwenye nyuzi 25 na kingine nyuzi 30, kila kimoja kikiwa na miche 40, na unauliza utumie kipimo gani cha takwimu, programu ipi na mchoro wa aina gani. Kwa mpangilio huo hakuna kipimo kitakachokuokoa, kwa sababu joto hukulipangia mche mmoja mmoja bali chumba, na vyumba unavyo viwili tu.

Programu yoyote itazipokea namba zako bila kulalamika. Itahesabu digrii 78 za uhuru (idadi ya taarifa huru zinazobaki za kupimia tofauti za bahati), yaani 80 kutoa 2, na huenda ikakupa thamani ndogo ya p, ile inayodai kwamba tofauti si ya bahati tu, ilhali digrii ulizonazo kweli ni sifuri: vyumba 2 kutoa 2. Taa ya chumba kimoja ikiwa hafifu kidogo, au feni yake ikikausha udongo upesi, miche yote 40 itaathirika kwa pamoja, nawe utasema ni kazi ya joto. Ukiongeza miche unapunguza athari ya tofauti za mche na mche. Ile ya chumba na chumba inabaki palepale hata ukipanda elfu. Stuart Hurlbert aliwaonya wanaikolojia wenzake kuhusu marudio bandia ya namna hii tangu mwaka 1984.

Nilipoteza jaribio la msimu mzima kwa njia hii hii, na hasira yangu haijaisha, kwa kuwa mshauri niliyemwendea kabla ya kuanza alitazama idadi ya mimea akaniambia kwamba ikishapita 30 inatosha. Hakuuliza hata mara moja kama nilipigia kura mimea au vyumba, yaani ni kipi nilichokigawia joto kwa bahati nasibu. Anayetoa kanuni ya 30 bila kuuliza swali hilo hashauri, anabahatisha kwa mali ya mwenzake. Mhakiki wa makala ndiye aliyeligundua kosa, mimea ikiwa imekwisha kung'olewa.

Hesabu kile ulichokipangia joto kwa kura. Hicho ndicho sampuli yako. Rudia jaribio kwa awamu, kila awamu ukipiga kura upya chumba kipi kipate nyuzi 30, kisha uchambue wastani wa kila chumba kwa jozi, cha nyuzi 30 dhidi ya cha nyuzi 25 cha awamu ileile. Awamu 5 zitakupa digrii 4 za uhuru, na t, yaani wastani wa tofauti hizo ukigawanywa kwa kosa lake sanifu, italazimika kuvuka 2.776 kwa kiwango cha asilimia 5, pande zote mbili. Ukifanya awamu 3 tu, kizingiti kinapanda hadi 4.303, kwa hiyo punguza miche na utafute muda wa awamu zaidi kabla hujaloweka mbegu.