Laiki nyingi sio watu wengi: ushauri kwa vijana wa Mtwara na Lindi

Vijana wenzangu, posti ikisambaa sana msidhani tayari mna watu. Mi niko Mtwara, kipindi kile cha gesi 2012 kuingia 2013 watu wanapinga gesi ya Mnazi Bay kupelekwa Dar kwa bomba, wengi wetu hata simu za intaneti hatuna, ni meseji za kawaida na vipeperushi ndo vinapita, lakini barabara zilijaa! Kwa nini? Jambo lilikuwa limeshaongelewa sokoni, msikitini, kwenye kahawa, miezi na miezi, meseji ilikuja kutaja siku tu.

Wakenya nao Juni 2024, kabla hawajatoka barabarani walikaa wakauchambua Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, TikTok, kwa lugha za nyumbani, mtu akaelewa kabisa kwamba mkate unataka kuwekewa VAT asilimia 16. Ndo wakatoka. Ruto akakataa kuusaini tarehe 26, ila vijana walishapigwa risasi siku moja kabla, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kwenye kundi letu la WhatsApp la wakulima wa korosho kuna msimu malipo yalichelewa, watu wanatuma voisi ndefu za hasira kila usiku na hakuna kinachoenda. Mpaka mama mmoja wa Tandahimba akapiga picha stakabadhi yake, kilo zinaonekana, tarehe inaonekana, jina kaliziba kwa kidole, akaandika "nadai hela yangu, mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa ada". Basi! Usiku huohuo stakabadhi zikamiminika, kila AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ikatoa watu wawili, wakakutana ana kwa ana, wakaenda ofisini na dai moja tu, tarehe ya malipo ni lini. Wakapewa tarehe.

Kwa hiyo anzeni na dai moja lenye ushahidi mkononi. Mkitaka kuandamana pelekeni barua kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, saa 48 kabla, nakala igongwe muhuri mbaki nayo. Na mjuane kwa sura, mjue mwenzako anakaa wapi, maana tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na makundi yote yakawa kimya, kama mnategemeana kwa simu peke yake hapo hamna hata wa kumwambia mwenzake "rudi nyumbani, hali mbaya".