Kutambulisha wafanyakazi wapya shule ya bweni: anza na matroni na mlinzi, digrii za walimu baadae

Mleta uzi, umesema shule inafunguliwa Januari na wewe umetupiwa kazi ya kuandaa utambulisho wa walimu na wafanyakazi wapya, shule ya bweni, kidato cha kwanza mpaka cha sita, na unaona aibu kurudia ile ya kila mwaka ya kusimamisha watu mstarini wapigiwe makofi basi. Walionitangulia wamekupa ya kadi za majina na keki, sio mbaya. Mi nimekaa shule binafsi za bweni za huku pembeni mwa Dar muda mrefu, nilianza darasani na historia nikapewa upatroni alafu ualimu wa malezi, kwahiyo nakujibu kwa yale niliyoyaona mabwenini. Ni refu, vumilia.

Utambulisho wa kawaida tunaujua wote. Jumatatu paredi, jua la Januari la Dar lishaanza kuchoma saa mbili asubuhi, walimu wapya wamepangwa mbele kama washtakiwa, mkuu wa shule anasoma karatasi: mwalimu fulani, digrii ya ualimu, amesoma chuo kikuu kadhaa, atatufundishia fizikia na hisabati, makofi matatu. Anayefuata. Wakiisha walimu ndio inakuja ile sentensi ya kufungia, "tunao pia wafanyakazi wengine wasio walimu, nao tunawakaribisha sana". Hao wengine hawapo hata pale mstarini, wako jikoni wanaosha masufuria ya uji, matroni mpya yuko bwenini anahesabu magodoro, mlinzi wa usiku kashaondoka anagombania daladala arudi kwake akalale.

Sasa jiulize mkuu, mtoto wa bweni anaishi na nani? Mwalimu wa fizikia anakutana nae vipindi kadhaa kwa wiki. Matroni anakutana nae kuanzia anaamka mpaka anazima taa, na usiku pia. Pumu ikimbana mtoto saa nane usiku hamfuati mwenye digrii. Shule moja niliyofanya kazi, siitaji, ilishatokea mtoto wa kidato cha kwanza kabanwa usiku, matroni ana siku mbili kazini, wale watoto hawajui hata chumba chake kipi, wakatoka viranja kugonga nyumba za walimu moja baada ya nyingine, mlinzi nae mpya anawafukuza warudi bwenini maana hajui hao ni viranja na wao hawamjui yeye. Mtoto alipona, tunashukuru Mungu. Ila walimu wote wapya wa muhula ule walikuwa washatambulishwa kwa mbwembwe na shahada zao.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, geuza mpangilio. Siku ile ya kuripoti, watoto wametua na matranka yao, wazazi wameondoka, jioni baada ya chakula, pita bweni kwa bweni na watu wa bweni tu. Matroni au patroni, nesi, mlinzi wa zamu ya usiku, basi. Usipeleke mkuu wa shule, akienda mkuu inageuka hotuba na watoto wananyooka kama paredi. Kiranja wa bweni ndio amtembeze matroni mpya, yani mwenyeji ndio ampokee mgeni, na watoto wafuate nyuma waone: chumba chake hiki, usiku unagonga hapa, siku yake ya kupumzika anashika dada fulani. Watoto wadogo wanakumbuka mlango kuliko jina.

Na hapo hapo maliza suala la funguo. Hili sitanii. Sekondari ya Shauritanga kule Rombo 1994 na Kyerwa mkoani Kagera Septemba 2020 watoto walikufa kwenye moto wa bweni wakiwa usiku wamelala, Kyerwa walikuwa kumi. Kila mfanyakazi mpya wa usiku inabidi ajue mlango wa dharura uko wapi, ufunguo uko kwa nani, namba ya zimamoto ni 114, na watoto wamwone kwa macho yao akifungua huo mlango. Ukiniambia hamna muda ntakuuliza ule wa kukata keki umetoka wapi.

Lugha. Shule nyingi za kwetu zimebandika vibao vya kuongea Kingereza kila kona, kwahiyo na utambulisho unafanyika Kingereza. Nimemwona mama mtu mzima, matroni mzuri kabisa, kalea watoto wa watu miaka na miaka, anapewa maiki aseme jina lake na "a few words" mbele ya watoto mia kadhaa, anababaika, nyuma huko vicheko vinaanza. Kuanzia siku hiyo heshima yake kwa wale wa kidato cha nne ilikuwa na kazi. Mwacheni aongee Kiswahili. Usiku wa manane mtoto anayelilia mama yake hata yeye hataongea Kingereza. Na waambie watoto wamwiteje, mama fulani, matroni, vyovyote anavyotaka mwenyewe, sio mnamwacha anaitwa "we dada". Mpishi nae ni mtu mzima anastahili shikamoo yake, mlinzi hivyo hivyo, na hili watoto wanalichukua kutoka kwa walimu, kama mwalimu mwenyewe anampita mlinzi getini kama mti usitegemee mtoto amsalimie.

Sasa nije kwenye kitu ninachokiona kikubwa kuliko vyote na ndio kinachorukwa. Mipaka. Unapomtambulisha mtu mpya, sema mbele yake na mbele ya watoto kwa pamoja kazi yake inaishia wapi. Wote wasikie maneno yale yale saa ile ile. Mwalimu wa kiume haingii bweni la wasichana, kama kuna dharura anaingia na matroni. Hakuna mwalimu wala mfanyakazi anayempa mwanafunzi simu kwa siri au kumtunzia hela bila kuandikisha. Mwanafunzi haendi nyumbani kwa mwalimu peke yake kufua wala kupika wala "kusaidiwa hesabu". Mpishi hauzi maandazi bwenini. Dereva hapakizi mwanafunzi bila karatasi ya ruhusa. Ukisema hivi mwanzoni hujamtuhumu mtu, ni kanuni imesomwa kwa wote. Ukisubiri mpaka kuwe na tetesi ndio ukaseme, hapo ushamtaja mtu hata kama hujataja jina, na shule nzima inajua unamsema nani.

Kuna walimu wenzangu walikuwa wananipinga hapa, wanasema unamvunjia heshima mwalimu mgeni mbele ya watoto. Nawaelewa ila sikubaliani nao. Mwalimu kijana ametoka chuo mwaka huu ana miaka 24, anaingia darasa la kidato cha sita lenye watu wa miaka 19, 20, tena wengine wana ndevu kumzidi, kitu kinachomlinda ni ile kanuni kusomwa kwa sauti. Msichana akimfuata na daftari saa tatu usiku anamjibu tu, kanuni ulisikia, kesho stafu rumu. Hajamkataa yeye, kanuni ndio imekataa. Walimu vijana niliowasimamia walikuja kunambia hili wenyewe baadae.

Na ukishasema mipaka, sema na pa kwenda ikivukwa. Mtoto akiona kitu hakimpendezi kutoka kwa mtu mzima yeyote, mpya au wa zamani, amwambie nani? Sio "mwambieni mwalimu yeyote", hilo ni jibu la kukwepa. Taja watu wawili kwa majina, mmoja mwanamke mmoja mwanaume, na mmoja wao asiwe rafiki wa karibu wa mkuu wa shule, utanielewa. Alafu taja namba 116, simu ya kumsaidia mtoto, ni bure, bandika na kwenye mbao za matangazo za mabweni. Simu watoto hawana, najua, kwahiyo wekeni utaratibu wa kupiga kwa nesi au kwa matroni bila kuulizwa maswali. Sheria ya Mtoto ipo tangu 2009, sio kitu cha kubuni sisi.

Kabla ya hayo yote lakini, usimtambulishe mtu ambaye makaratasi yake hayajakamilika. Nimeona watu wanapandishwa jukwaani alafu wiki ya tatu mhasibu anauliza cheti kiko wapi. Mwalimu awe na usajili au leseni yake ya kufundisha, matroni, mlinzi na dereva wawe na wadhamini wanaojulikana na mtu amepiga simu kule walikotoka, sio barua tu, barua kila mtu anaandika. Wapishi wawe wamepimwa afya. Mtoto akishaona mtu amesimama mbele na mkuu wa shule, kwake yeye huyo mtu ameshathibitishwa, hajui habari za kipindi cha matazamio.

Makosa madogo madogo. Usiseme "huyu ni mkali sana mtamkoma". Wakuu wa shule wanapenda hii sijui kwanini. Vijana wanaichukua kama mechi, wiki hiyo hiyo wanamjaribu, na maskini mwenyewe mara nyingi ni mpole tu kabambikiwa ukali. Usisome GPA ya mtu. Usimlinganishe na aliyeondoka. Jina la utani atapewa kabla ya wiki kuisha, hilo huwezi kuzuia wala usihangaike nalo.

Na aliyeondoka mtajeni. Hili linasahaulika mno. Watoto wanarudi likizo wanakuta matroni waliyemzoea hayupo, hakuna anayesema kitu, inaanza mara kafukuzwa mara kaiba mara ana mimba. Yule mpya anaanza kazi amekalia kiti cha uvumi. Sentensi moja inatosha: mama fulani amehama, amepata kazi karibu na kwao, anawasalimia. Kama kaondoka kwa ubaya sema hayupo nasi tena na nafasi yake imechukuliwa na huyu, usitunge hadithi, watoto wa bweni wana mtandao wa habari unaowazidi nyie wote.

Stafu rumu nako kuna utambulisho wake na hauko kwenye programu yoyote. Mgeni anaingia anakaa kiti cha mwalimu wa taaluma bila kujua, kikombe anachochukua kina mwenyewe, chai ya saa nne inachangiwa yeye hajaambiwa. Mpe mwenyeji mmoja wa kumshika mkono, mtu wa idara yake, sio mkuu wa idara, mtu wa kawaida tu. Amwonyeshe hadi usafiri, maana mgeni anayepanga Mbagala na shule iko Kibamba hajui foleni ya asubuhi mpaka achelewe zamu, na akichelewa wiki ya kwanza jina linaharibika.

Wazazi, fupi. Mnatuma kwenye grupu la WhatsApp picha na jina na kazi ya kila mtu mpya, pamoja na namba ya shule. Namba binafsi za walimu msiweke, usiku mzima mzazi anapiga kuuliza mwanangu kala. Matroni awepo getini siku ya kuripoti ashikane mikono na wazazi, mama mtu akishamwona aliyekabidhiwa mwanae anarudi nyumbani ametulia, na hapo ndio anakunong'oneza kwamba mtoto ni kikojozi au ana sickle cell na fomu hajaijaza.

Hujasema kama mna shule ya msingi hapo hapo. Kama mnayo, mnajua serikali ilizuia bweni kwa awali mpaka darasa la nne kuanzia Machi 2023, isipokuwa wenye kibali, kwahiyo wadogo wenu ni wa darasa la tano. Hao usiwachanganye na wa sekondari kwenye utambulisho wowote. Wafanyie wao peke yao, wakae chini kwenye mkeka, waulize maswali. Wanauliza kama mlinzi ana mbwa. Jibuni.

La mwisho maana naona nimeandika gazeti. Januari sio mara moja umemaliza. Julai wanaingia kidato cha tano ambao hawakuwepo, na karibu na hapo wanakuja wanachuo wa fildi kufundisha wiki kadhaa. Hao wa fildi ndio shule nyingi zinawaingiza kimya kimya, anatokea tu darasani kijana kavaa tai, watoto hawajui ni mwalimu au sio, na yeye hajui. Watambulishe kama walivyo: ni mwalimu wa mazoezi, anafundisha somo hili na lile, ataondoka tarehe fulani, na ile mipaka isomwe upya yote mbele yake. Tarehe ya kuondoka usiiache, inapunguza mengi sana ya "ticha namba yako".

Ratiba ya kupita mabweni ninayo kwenye karatasi, ukiihitaji nitumie ujumbe pembeni.